Aliyeyatoa Maneno Nje

Fundi Bakari tulimzika Ijumaa, na baada ya mazishi nilikaa mkekani na akina mama wa mtaa wa Chuno, sinia la ubwabwa katikati yetu. Jirani yake mmoja akasema, "Yule mzee ukimwambia neno lako, limekwisha. Hata mkewe hakulisikia." Wenzake wakaitikia, kila mmoja akawa na mfano wake. Mimi tonge nililokuwa nalo mkononi nililirudisha siniani. Mama aliyekaa ubavuni kwangu akanipigapiga mgongo akidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, kwa sababu Fundi Bakari alikuwa mtengeneza redio ambaye mimi mwenyewe alinitengeneza, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kilichonikaba ni kingine. Miongoni mwa maneno aliyokwenda nayo, limo langu, na lilikuwa baya kuliko yote waliyokuwa wakiyahesabu wale akina mama. Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu. Kama nitauandika mwaka ule, basi niuandike wote, pamoja na sehemu yangu ndani yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja upande wa Mtawanya. Nilikotoka na walionilea nimewaandika kwingine, hapa siwarudii. Nilikuwa mlevi. Sikuwa mlevi wa kuimba barabarani, maana huyo watu humhurumia na kumcheka kisha wakamsahau. Mimi nilikuwa mlevi wa chupa ya maji. Nilikuwa na chupa ya plastiki niliyoishonea mfuko wa kitambaa ili isionekane kilichomo, na ndani yake ilikuwamo nipa, ile pombe kali ya mabibo, matunda ya mkorosho, ambayo kwingine huitwa gongo. Haina rangi. Nilikunywa mbele ya watoto arobaini na sita, na wao waliona mwalimu ana kiu. Mwezi wa pili mwalimu mkuu alinikuta saa nne asubuhi nimelala juu ya meza, darasa likiimba jedwali la saba peke yake, tena bila kukosea. Akanipa barua. Ilisema kosa hilo likirudiwa, jalada langu litapelekwa halmashauri na kazi ndiyo basi. Aliniambia kwa mdomo jambo ambalo hakuliandika: "Edna, mwanamume akilewa anaitwa mlevi. Wewe watakuita majina mengine. Jifiche au acha." Nilichagua kujificha, lakini mikono haikukubali. Chaki ilinitetemeka, herufi zikaenda upogo, na watoto wakazinakili vilevile upogo kwenye madaftari yao.

Kikundi nilikipata kwa njia iliyonitia wasiwasi tangu mwanzo. Muuguzi wa zahanati alinipima presha, akanitazama vidole, hakuuliza kitu. Akaandika kwenye kikaratasi cha dawa: "Chuno, chekechea yenye geti la bluu, Jumamosi saa kumi." Nilipokwenda dukani kununua vidonge, muuza dawa akakisoma, akakirudisha, akasema hiyo dawa hana. Nilijiuliza kwa nini muuguzi ameandika mahali badala ya dawa, na amewaandikia wangapi, na nani mwingine anajua. Jumamosi ya kwanza nilipita mbele ya geti lile nikiwa na kikapu kama mtu anayekwenda sokoni. Ya pili nikapita tena. Ya tatu mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja akaniambia, "Dada, soko limehama?" Nikaingia kwa aibu, si kwa uamuzi.

Watu saba walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Ukutani kulikuwa na picha za embe, jogoo na ndoo. Mezani palikuwa na birika la chai ya mchaichai, sinia la mihogo ya kuchemsha na kibakuli cha pilipili. Nilitazama kwanza kamera iko wapi. Siku hizo Mtwara ilikuwa na semina nyingi, ukisaini karatasi unapewa soda, na picha yako inakwenda usikokujua. Hapakuwa na kamera. Nikatafuta karatasi ya kusaini, haikuwepo. Nikatafuta msalaba, msahafu, picha ya mheshimiwa, chochote cha kunionyesha hawa watu wanataka nini kwangu. Hapakuwa na kitu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu sikuwahi kuona watu wamekusanyika Jumamosi saa kumi bila kutaka kitu. Fundi Bakari alikuwa na miwani iliyofungwa waya sikioni. Akanikaribisha, akanimiminia chai, akasema maneno ambayo aliyarudia kila wiki: "Hapa hatuandikani majina. Kinachosemwa hapa kinalala hapa. Anayekitoa nje amemvua mwenzake nguo sokoni." Nilifikiri, sawa, lakini nani anawalinda walinzi?

Ndipo nilipomwona Mama Rozaria. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye chale za kizamani mashavuni, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakalima huku. Katika mji mzima wa Mtwara palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kilichomo ndani ya chupa yangu, naye ni yeye, kwa sababu alikuwa akinijazia. Kwa mwaka mzima nilipita uani kwake nikiwa nimejifunika khanga mpaka puani. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, anachovya muhogo kwenye pilipili. Akanitazama, akasema, "Karibu, mwanangu. Jina lako nani?"

Wengine wangeona ni heshima. Mimi niliona mtego. Nilijiambia mpishi wa nipa amekuja kutafuta nini kwa watu wanaoacha nipa, kama si wateja waliopotea? Na kama hataki kuonyesha kwamba ananijua, basi ananiwekea akiba. Nilikaa naye mkabala miezi minane nikilichunguza kila neno lake.

Naye alikuwa na maneno. Alipofika zamu yake alisema, "Mie kilabuni sijakaa hata siku moja, muulizeni yeyote. Mie nilikuwa naonja tu. Pombe lazima uionje, utajuaje imeiva? Kila chungu kijiko. Unaiwasha, ukiona moto wa bluu, unaionja tena usije ukawaua watu. Siku moja mwanangu kaniuliza, mama mbona wayumba? Nikamwambia, mwanangu, leo vyungu vilikuwa vingi." Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nilicheka na mimi, halafu nikajikamata nikicheka. Ndivyo alivyokuwa akikutoa kwenye lindo lako. Alieleza kwamba miaka kumi na mbili hakujua kuwa ni mlevi, kwa sababu kazi ilimpa ruhusa. Na siku moja ya mwezi wa sita, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, akatuambia ameacha kupika. Mtambo ameufukia nyuma ya banda la kuku, chini ya makuti. "Kuuvunja sijaweza," alisema. "Bomba lile la marehemu mama." Fundi Bakari alimsogezea chai. Mimi nilifikiri: kitu kilichofukiwa kinafukuliwa.

Aliyekaa kushoto kwangu alikuwa Method, karani wa bandari, Mngoni mwembamba mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakatika mistari. Huyu hakuwa na maneno. Mchaichai tuliokunywa ulitoka kwenye kibustani chake, naye aliuleta kila Jumamosi umefungwa kwa kamba ya mgomba. Ilikuwa desturi yake kuumenya muhogo mzuri akanisogezea bila kunitazama. Katika miezi yote hiyo alisema mambo mawili makubwa: kwamba alianza kunywa meli zilipopungua na kazi ikawa ya kukaa, na kwamba dada yake ameolewa na askari polisi, hivyo nyumbani kwa dada yake hawezi kwenda akinuka. Alilisema hilo la askari mwenyewe, bila kuulizwa. Sisi wengine tulilisikia tukaliweka.

Tangu mwezi wa tatu sikuwa nimegusa tone. Naandika hivyo kwa urahisi sasa, lakini haikuwa rahisi hata Jumatatu moja. Kilichonishikilia ni ile saa kumi ya Jumamosi. Nilihesabu kuifikia, na nikiikosa nilijua pa kuangukia. Kwa hiyo nilikilinda kikundi kile kama mtu anavyolinda mlango wa nyumba yake, na macho yangu yote yalikuwa kwa Mama Rozaria. Akisema neno moja sokoni, mwalimu mkuu angelisikia kabla ya kengele, na barua ya pili ingeandikwa.

Ikaja mwezi wa kumi na moja. Wasioijua Mtwara hawajui msimu wa korosho unavyomtesa mtu anayeacha pombe. Mabibo yanadondoka kila mahali, yanachacha chini ya miti, na mji mzima unanuka kama chungu kilichofunuliwa. Hakuna mtaa wa kupita. Hata darasani kwangu harufu iliingia dirishani na kukaa na watoto. Nilikuwa silali vizuri, nina hasira, namshuku hata aliyenisalimia. Jumamosi moja tukiwa tunatoka, Mama Rozaria akanishika mkono getini, akaninong'oneza, "Mwalimu, Alhamisi pita nyumbani. Nina kitu chako."

Kitu changu. Kwake nilikuwa nimewahi kuwa na kitu kimoja tu. Siku tano nilizunguka na neno hilo. Asubuhi niliamini ni chupa, kwamba msimu umefika, ameshindwa, amefukua, na ananiita mimi wa kwanza. Mchana niliamini ni vitisho, kwamba atanitajia bei ya kunyamaza kwake. Haikunijia hata mara moja kwamba huenda mtu akawa na kitu chako kizuri. Alhamisi baada ya vipindi nikaenda. Sikufika mlangoni. Nikiwa bado barabarani niliona moshi mweusi ukitoka uani kwake, mzito, upande uleule wa banda la kuku, na harufu ya mabibo ilikuwa kila mahali. Sikuhitaji zaidi. Mtu aliyezaliwa hapa angeutambua moshi ule hata akiwa amefumba macho. Mimi ni mtu wa kuja, na nilikuwa na njaa ya kuona nilichokwisha kukiamini. Nikageuka, nikaenda ofisi ya mtendaji.

Mtendaji wa mtaa alinijua kwa mambo ya shule. Nilimwambia kwa sauti ya mwalimu mwenye uchungu na watoto kwamba kwa Mama Rozaria wanapika, moshi nimeuona mwenyewe. Akauliza kama nina hakika, maana walishapekua pale zamani wakakosa. Nikasema, "Mtambo umefukiwa nyuma ya banda la kuku, chini ya makuti." Akaandika. Akanishukuru, akasema jina langu halitatajwa. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyeng'olewa jino bovu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nikilikumbuka, kwamba nilijisikia vizuri.

Jumamosi kiti chake kilikuwa kitupu. Fundi Bakari hakumimina chai. Alivua miwani, akaifuta, akatuambia kwamba jana asubuhi askari na mgambo walikwenda kwa Mama Rozaria, wamemchukua. "Hawakupekua nyumba," alisema. "Hawakufungua hata mtungi. Wamekwenda moja kwa moja nyuma ya banda la kuku, wameinua makuti. Sasa mimi nauliza. Mahali pale palitajwa wapi, kama si humu?" Nilijua kwamba nikisema, nafukuzwa, na nikifukuzwa sina Jumamosi, na bila Jumamosi wiki haitaisha kabla sijanywa, na nikinywa nimekwisha. Nilijua hayo yote kwa mpangilio huo. Kisha nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kuelekea kushoto kwangu, wala hakuna aliyetaja askari wala shemeji. Nami, ambaye ningeweza kunyamaza tu na likatosha, nikamgeukia Method nikamwuliza, "Shemeji yako hajambo?"

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni. "Si mimi," alisema. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Kisha akasimama, akakiegemeza kiti chake ukutani, akatoka. Fundi Bakari akasema, "Tuendelee." Chai ya mchaichai ilibaki birikani.

Mama Rozaria alikaa ndani siku nne wakamwachia. Mtambo ulikuwa baridi, ndani ya bomba buibui wamejenga, na askari mmoja mwenyewe alicheka alipoliona. Walilichukua bomba, wakampa onyo. Jumamosi akaja amevaa kitenge kipya, akakaa kitini kwake, akatoa kifuko cha karatasi akanirushia mapajani. "Kitu chako hicho," alisema. "Wewe hukuja, nikakamatwa mie na korosho zangu. Za chungu cha kwanza hizo, nimebangua Alhamisi ile mpaka mikono imebabuka. Nikasema za kwanza azile mwalimu, maana alikuwa mteja wangu mwaminifu wa ule uchafu, angalau nimpe kitu kisafi." Watu wakacheka, na siri yangu ya mwaka mzima ikapita katikati ya kicheko hicho, wala hakuna aliyeishika. Nikaitafuna korosho moja. Ilikuwa ya moto wa kuni, imeungua upande mmoja. Moshi wa kuchoma korosho, mafuta ya ganda yakiwaka, ni mweusi vilevile katika kila ua wa Mtwara.

Hata hapo sikusema. Nataka hili lisomwe vizuri, kwa sababu watu wamezoea hadithi ambamo mtu akigundua kosa lake anaanguka magotini. Mimi nilikaa Jumamosi tatu zaidi, mkavu, nikinywa chai isiyo na mchaichai. Mama Rozaria kila akikumbuka bomba la mama yake alisema, "Yule karani, nikikutana naye bandarini nitamtemea mate." Nikaitikia kwa kichwa. Kisha Jumamosi ya tatu mmoja wetu akasema amemwona Method kilabuni saa tano asubuhi, siku ya kazi, amevaa shati la jana. Mama Rozaria akasema, "Vizuri." Alilitamka taratibu, bila furaha, kama mtu anayejilazimisha. Neno lile lilinifuata wiki nzima mpaka darasani.

Alhamisi nikaenda kwake, safari hii nikafika mlangoni. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anagonga korosho kwa kijiti juu ya jiwe. Nilikataa kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama: moshi, mtendaji, banda la kuku, na swali nililomwuliza Method. Hakuacha kugonga. Aligonga korosho sita au saba, akazitoa nzima nzima, ndipo akauliza, "Uliogopa nini hasa?"

"Niliogopa utanitangaza."

"Nilikuuzia mwaka mzima, sikukutaja. Ulifikiri ningekutaja baada ya kuacha kukuuzia?"

Machozi yalikuja, naye hakuyajali. Alijifuta majivu mikononi, akaingia ndani, akatoka na ndala na mtandio. Nilidhani ananipeleka kwa Fundi Bakari. "Fundi yupo Jumamosi," alisema, kama aliyenisikia. "Mie walinifungia siku nne wakanifungulia. Huyu mwingine nani kamfungulia?"

Tulikwenda kwa miguu hadi kwenye vyumba vya kupanga jirani na bandari. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali. Method alikuwa amekaa kizingitini kwa mlango wake, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo, upande mmoja umepanda juu ya mwingine. Alipotuona alijaribu kusimama kwa adabu, akashika mwimo wa mlango. "Shikamoo, Mama Rozaria," alisema. Nyuma yake niliona chumba, kitanda kisichotandikwa na pasi ya mkaa imekaa chini, baridi.

"Marahaba. Sikuja mie. Mwalimu ana neno."

Nikalisema. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Nilisema ni mimi niliyetoa maneno nje, na kwamba nilipomwuliza habari za shemeji yake nilijua ninachofanya. Kisha nikasubiri tusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, hata kwa kofi, nilikuwa nimeyataka. Method alitazama miguu yake.

"Wenzetu wanajua?" aliuliza.

"Bado. Nitawaambia Jumamosi, mbele ya wote."

"Fundi anaweza kukutoa."

"Najua."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea hesabu za meli. Kisha akainamisha uso, akaanza kuvifungua vifungo vya shati na kuvifunga upya kimoja kimoja kuanzia chini, vidole vikimtetemeka vile vile vilivyokuwa vikinitetemeka mimi kwenye chaki. Kimoja kilimshinda, na Mama Rozaria akapiga hatua akamfungia. Method hakumzuia. Alikuwa ananitazama mimi, na usoni mwake nilitafuta chuki, nikatafuta hila, kwa mazoea yangu, nisione hata moja.

"Jumamosi," aliuliza, "bado ni saa kumi?"